Kisanduku Namba 4417

Ulimwengu wangu ni visanduku.
Kila kimoja kilomita ishirini na tano kila upande,
na joto lake, theluji yake, udongo wake,
na namba, ili kompyuta isikipoteze.
Ndani ya 4417 kuna misonobari ipukutishayo sindano kila vuli,
farasi wafupi wenye manyoya kama mablanketi,
na nyumba ya shangazi yangu Oktyabrina, ng'ambo ya mto Amga,
ambayo kompyuta haijapata kusikia habari zake.

Kompyuta inasema ardhi ya kule ni tambarare.
Inazama sentimita mbili kwa mwaka, kwa adabu,
kama mgeni aketiye ukingoni mwa kiti.

Shangazi aliweka kiazi sakafuni, karibu na jiko,
akakiachia.
Kilivuka chumba, kikapita chini ya kitanda,
kikagonga ukuta wa kusini.
"Haya, Nyurgustaana. Andika hicho."
Nikaandika. Daftari la Julai, ukurasa wa kumi na tisa:
kiazi, mita nne, sekunde sita.

Tunaiita ardhi ya mgando wa daima.
Neno *daima* limo mara mia mbili na kumi na moja katika tasnifu yangu,
na siku hizi kidole husita kabla ya kulichapa.

Chini ya bustani yake kuna kabari za barafu, nene kuliko ng'ombe,
zimo humo tangu mamothi wakila nyasi juu yake.
Nyasi zile hazikuoza. Hazikupewa nafasi.
Mizizi, mavi, kuvumwani, vyote vililazwa baridini,
na sasa mlango umeachwa wazi.
Vijidudu vinaamka na njaa ya miaka elfu thelathini.
Vinakula. Vinapumua.
Pumzi yao ndiyo sura yangu ya tatu:
kaboni kiasi gani, methani kiasi gani, lini.
Mlinganyo wenyewe ni mfupi, unaenea kiganjani:
joto huzaa pumzi, pumzi huzaa joto.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa.
Lakini ufa ukiwa chini ya nyumba,
ukuta utausimamisha juu ya nini?

"Nyumba moja si data," alisema Profesa Argunov
akifuta miwani kwa ncha ya tai, kwa upole. "Ni kelele."
Nilitaka kumwuliza: kelele za nani?
Nikanywa chai yangu.

Agosti maji yaliingia kwenye buluus,
ghala alilochimba babu kwa shoka, mita tano kwenda chini,
tulimoweka nyama ya farasi, samaki,
na vipande vya barafu ya ziwa, maji yetu ya kunywa.
Shangazi alishuka na tochi.
Alipanda amelowa hadi magotini, hakusema neno.
Mbwa walikula vizuri wiki ile.

Basi nikakivunja kisanduku.
Nikakikata vipande elfu, nikazipanda kabari zake ndani, moja moja,
pale fimbo yangu ya chuma ilipogota.
Mashine ilinguruma siku kumi na moja.
Mstari uliotoka haukuteremka kwa adabu;
ulishuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Nilichokiweka kwa vitukuu
kikawa cha Dayaana, mpwa wangu,
anayejifunza kufunga kamba za viatu.

Nilikuwa nimepatia.
Sijapata kulichukia neno kama hilo.

Nikarudi Amga na habari. Meza ya shangazi ilikuwa imenyooka,
chai imetulia ndani ya vikombe.
Nikainama kutazama: chini ya mguu wa kusini,
imekunjwa mara nne, rasimu yangu ya kwanza,
ile ya ardhi tambarare.

"Mpya ina kurasa ngapi?"
"Mia moja na arobaini."
Akaupima mguu wa meza kwa jicho moja, kama fundi.
"Iache hapa," akasema. "Mwakani itahitajika."